Kasuku wa Wodi ya Mahututi

Jina la Kasuku alibandikwa alipokuwa muuguzi kijana, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alianza kuongea asubuhi akifunga vifungo vya sare, akanyamaza jioni akivua viatu, na mumewe, fundi cherehani mpole kupita kiasi, aliapa kwamba hata usingizini mkewe alikuwa akiwapangia watu zamu. Wodini aliongea na wagonjwa waliopoteza fahamu kama unavyoongea na jirani dirishani. Leo umependeza, baba. Shuka tumekubadilishia. Mkeo yuko nje na lile koti lake jekundu, ungemwona anavyoringa. Wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba masikio ndiyo ya mwisho kufunga duka, wao waendelee tu kucheka.

Sasa mtu huyo huyo, kwa mdomo huo huo, ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kunyamaza. Na ukitaka kujua nani alimtia kwenye mtego ule, nitakwambia mapema tusizungushane: ni yeye mwenyewe.

Alipopanda cheo akawa sista mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi, korido ya wodi ile ilikuwa soko. Kila mgonjwa na ukoo wake. Shangazi anamvuta daktari koti, mjomba anamvizia mlangoni mwa choo, binamu anataka kuambiwa upya kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Daktari akimjibu kila mtu lake, baadaye watu wanabishana nani kaambiwa nini. Siku moja ndugu wawili walikunjana mashati kando ya kitanda cha baba yao, chuma cha dripu kikaanguka, mzee akabaki na sindano inaning'inia. Kasuku akasema hapana, imetosha. Akakaa na mganga mkuu, wakatunga utaratibu: kila familia itachagua msemaji mmoja. Daktari atazungumza na huyo peke yake, katika chumba kidogo, na huyo ndiye atakayepeleka habari kwa wenzake.

Utaratibu ule ulileta amani ambayo haijawahi kuonekana. Madaktari walipumua. Hospitali nyingine zikaja kuiga. Kasuku alisifiwa mpaka akaanza kujisifu mwenyewe.

Ilichukua muda kabla hajaona kasoro. Maneno yaliyoingia kwenye chumba kile na maneno yaliyotoka hayakufanana. Ndani daktari amesema hakuna tena la kufanya. Nje, msemaji anawaambia watu wasikate tamaa. Mtu hana roho ya kumwambia mama yake mzazi kwamba mwanawe hatapona, basi anauma na kupuliza, anaweka akiba ya maneno, anasema tuombe. Kesho yake kifo kinaingia kama mwizi na watu wanaanguka sakafuni wakilia kwamba hawakuambiwa. Na daktari anashangaa: lakini si niliwaambia?

Hilo lilimnyima Kasuku raha. Akiwa na mvi zake kichwani alirudi shule, akasoma mambo ya huduma kwa watu wanaokaribia kufa, akawa mtafiti. Utafiti wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Ataketi kwenye vikao vya chumba kile na kusikiliza daktari anasema nini. Miezi ikishapita baada ya mazishi, atawatembelea wafiwa na kuwauliza wao waliambiwa nini. Pengo lililopo kati ya hayo mawili, hilo ndilo alilolitafuta. Akilipata na kulionyesha wazi, ule utaratibu alioutunga mwenyewe ungebadilishwa, na wake na mama wangeingia chumbani kusikia kwa masikio yao.

Kamati ya maadili iliupenda, ikaweka sharti moja. Mtafiti hatasema kitu. Chumbani asiseme, koridoni asiseme, asisahihishe, asidokeze, asikonyeze. Akiyagusa maneno yakiwa njiani, basi hatakuwa anaipima wodi tena, atakuwa anajipima mwenyewe. Akivunja sharti hata mara moja, utafiti wote unafungwa. Sharti lilikuwa na akili, Kasuku aliliona hivyo hata yeye, akatia sahihi kwa mbwembwe kama mtu anayenunua viatu bila kuvijaribu.

Wauguzi wa zamani walipomwona kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati, amebana midomo, walikufa kwa kicheko. "Kasuku kakatwa ulimi!" Mumewe naye alipopata habari aliinua macho kutoka kwenye cherehani akauliza kamati hiyo ilikuwa wapi siku walipooana.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi haikuwahi kutoka. Meza moja, viti vinne, boksi la tishu, dirisha linalotazama jenereta. Umeme ukikatika jenereta linawashwa, na daktari inambidi apaze sauti, kwa hiyo watu wengine waliambiwa habari mbaya kuliko zote maishani mwao kwa makelele kama ya wanaonunua samaki. Kasuku alikuwa na mengi ya kusema kuhusu dirisha lile. Aliyameza. Alijifunza kumeza, na akajifunza kuufanya uso wake usiseme lolote, jambo lililokuwa gumu zaidi, maana uso wake nao ulikuwa na domo.

Ndipo akaletwa yule fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa juu ya fremu ya paa la ghala, ngazi ikateleza, akaangukia kichwa. Mkewe alikuwa msusi, mwanamke mcheshi wa vidole vyepesi, aliyekuja kila siku na chupa ya chai na mfuko wenye pajama safi ambazo hakuna aliyezitumia. Msemaji wa familia alikuwa kaka wa mgonjwa, fundi rangi, mtu mrefu mwenye madoa meupe kwenye kucha. Ukimwona tu unajua huyu hajawahi kumkosea mtu makusudi.

Siku ya kikao daktari wa zamu alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alijua kazi yake. Hakukwepa.

"Kaka, naomba nikwambie ukweli bila kuzunguka," alisema. "Ubongo wa mdogo wako umeumia kiasi ambacho hautarudi. Mashine ndiyo inayompumulia. Tumejaribu kumwacha apumue mwenyewe, hapumui. Tukiendelea hivi hatumtibu, tunamsumbua tu. Kesho asubuhi tutaiondoa. Tutampa dawa, hatasikia maumivu."

Fundi rangi alikuwa akitazama meza. "Kwa hiyo kesho..."

"Kesho ataondoka. Yeyote anayetaka kumuaga aje mapema. Nitawaambia walinzi wawaruhusu, hata kama si saa ya kuona wagonjwa."

"Na mkewe pia?"

"Hasa mkewe."

"Nimeelewa, Dokta. Ahsante kwa kutusaidia." Alisimama akampa kila mtu mkono, hata Kasuku pale kwenye kabati. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kasuku aliandika maneno ya daktari yote kama yalivyosemwa, akatoka nyuma yake.

Msusi alikuwa kwenye benchi la korido, mfuko wa pajama mapajani. Alisimama kabla mlango haujafungwa.

"Shemeji, vipi? Wamesemaje?"

Fundi rangi alijifuta uso kwa kiganja kama mtu aliyemwagiwa maji, na kiganja kilipoondoka kulikuwa na tabasamu. Kasuku alikuwa hatua chache nyuma yao. Aliliona tabasamu lile likitengenezwa.

"Anapambana, shemeji," alisema. "Mdogo wangu si mtu wa mchezo. Daktari anasema tuwaachie wao kazi, sisi tumwombee."

"Amefumbua macho?"

"Bado. Lakini wewe nenda nyumbani ukapumzike. Kesho nitakuja mimi, wewe fungua saluni. Kukiwa na lolote nitakupigia."

Msusi alicheka kwa sauti, akapiga makofi. "Mimi nilisema! Huyu hawezi kunifanyia hivyo mimi!" Na shemeji yake akacheka naye. Mungu anajua alikitoa wapi kicheko kile.

Kasuku aliwapita akaenda kwenye bomba lililo karibu na ngazi, akafungua maji na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Huko ndiko msusi alikomfuata. Alimjua, maana siku ya kwanza familia zote zilitambulishwa kwa sista anayefanya utafiti wa namna ndugu wanavyoelezwa habari za wagonjwa.

"Sista, samahani. Wewe si ulikuwa mle ndani?"

"Nilikuwamo, mama."

"Ni kweli anaendelea vizuri? Shemeji namwamini, ila wewe ni mtu wa hospitali. Niambie tu nilale."

Hapo ndipo pa kuangalia, msomaji. Mwanamke ameuliza waziwazi, tena kwa adabu, akiwa umbali wa mkono. Ulimi wa Kasuku ulinyanyuka. Maneno yalikuwepo, matano au sita tu, yangetosha: rudi wodini, mama, ukae naye. Lakini sharti lilikuwa na jibu lake lililoandaliwa tayari kwa hali kama ile, na Kasuku alikuwa ameshalitamka mara nyingi kiasi kwamba lilijitokea lenyewe.

"Mimi sihusiki na matibabu, mama. Habari za mgonjwa atakupa msemaji wenu."

Jibu safi, halina doa. Msusi alimtazama usoni, akitafuta. Na uso ule uliofunzwa kutosema kitu ukatii mafunzo. Msusi akaona kwamba kungekuwa na baya lolote, mwanamke mwenye umri kama ule asingeweza kusimama hivyo bila kutikisika. Akamshukuru. Akamwambia, "Basi ngoja nikafue mashuka, chumba chake kimejaa vumbi."

Kasuku alibaki na bomba linatiririka. Kisha akafunga maji akaenda kwa daktari, nusu anakimbia, akamkuta anaandika akiwa amesimama.

"Dokta, mke wa mgonjwa wako yuko koridoni anacheka."

Kijana alielewa papo hapo. Aliweka kalamu chini, akafumba macho kidogo. "Nimemwambia nani, Sista? Msemaji. Utaratibu ni wa nani? Ni wenu ninyi mlionitangulia. Mwenzangu alimpita msemaji akamwambia mke moja kwa moja, ukoo ukaja juu, ikaandikwa barua, leo yuko zahanati huko anahesabu panadoli. Mimi nina mtoto mchanga." Akafungua macho. "Wewe mwambie. Wewe umri unakuruhusu."

"Mimi siruhusiwi."

"Basi tuko wawili," alisema, na king'ora cha kitanda kingine kikalia, akakimbia.

Ilibaki simu. Kasuku alimpigia msimamizi wake wa utafiti, profesa mwanamke aliyeheshimiwa na kila mtu na ambaye Kasuku alimwita Mama ingawa walilingana umri. Alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Mama, niruhusu. Huyu mmoja tu."

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwenzangu, ukisema, mimi nitalazimika kuiambia kamati, na kamati itafunga utafiti. Wewe unaijua. Msemaji atabaki msemaji miaka nenda miaka rudi. Wewe unamwona huyu mmoja kwa sababu amesimama mbele yako. Mimi nakuomba uwaone na wale ambao hawajafika bado, wanaokuja."

"Anakwenda kumfulia mashuka, Mama."

"Nimekusikia. Na mimi naumia. Lakini siwezi kukuruhusu, na wewe ungekuwa kwenye kiti changu usingeniruhusu mimi."

Ubaya wa Profesa ni kwamba alisema kweli. Angekuwa mjinga au katili Kasuku angemkatia simu akafanya alilotaka. Badala yake alisema haya, Mama, akarudi koridoni, na benchi lilikuwa tupu.

Alishuka ngazi mbio, na mvi zake zote, akafika getini akihema. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda, msusi alikuwa ananusa sabuni za kufulia moja baada ya nyingine, anamwambia mwenye duka kitu, mwenye duka anacheka. Aliipenda moja, akaitia kwenye mfuko wa pajama. Ilikuwa rahisi tu kupaza sauti. Kasuku alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ghorofa ya pili.

Mlinzi alikuwa ameshika geti nusu wazi akimsubiri. "Sista, unatoka au unaingia?"

Msusi akakunja kona. Kasuku akaingia.

Jioni ile cherehani ya mumewe ililia peke yake nyumbani, hakuna anayeongea juu yake. Fundi alivumilia kwa muda, kisha akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Mke wangu, kulikoni? Nyumba imekuwa kama shule wakati wa likizo."

Akamwambia. Alimwambia mpaka sabuni. Mumewe alisikiliza akiwa na pini mdomoni, na alipomaliza akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kitambaa.

"Ningekuwa mimi kitandani," alisema, "na wewe ndiye uliyeko koridoni?"

"Usiniulize hivyo."

"Basi sikuulizi." Akarudisha mguu kwenye pedeli lakini mguu haukukanyaga, wakakaa hivyo wote wawili wakitazama mkono wa shati ambao haujashonwa.

Asubuhi yake fundi rangi alikuja peke yake, shati limenyooshwa, viatu vimefutwa. Daktari alitazama nyuma yake kama anayetarajia watu zaidi.

"Wengine wameshindwa kufika," alisema fundi rangi. Daktari alimtazama Kasuku, Kasuku akatazama sakafu, na hakuna hata mmoja kati ya watu wazima wale watatu aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri.

Kazi ya Kasuku ilikuwa imekwisha kikaoni. Kule kitandani hakuwa na la kutafiti. Aliingia tu. Aliomba beseni kwa wauguzi, akamfuta mgonjwa uso kwa maji ya uvuguvugu, akamsafisha pembe za midomo palipobandikwa gundi ya mpira wa kupumulia. Fundi rangi alikuwa ameketi upande wa miguuni, amemshika mdogo wake kisigino. Wakati wanajiandaa kuzima mashine, Kasuku aliinama sikioni mwa yule mtu. Sharti lilikataza kuongea na ndugu. Kuongea na mgonjwa hakuna aliyemkataza.

"Baba, mkeo anakuandalia chumba," alimwambia. "Amenunua sabuni nzuri, ameichagua sana. Anakufulia mashuka. Amekuita mtu usiyeweza kumfanyia ubaya. Yuko pamoja nawe, ila hajui."

Fundi rangi aliyasikia. Alitoa sauti ambayo si kilio wala neno, akalaza paji la uso kwenye nyayo za mdogo wake, na hakulinyanyua mpaka mashine ilipokuwa imenyamaza na muda mrefu umepita.

Basi miezi ikaenda. Zamu ya msusi ya kuhojiwa ilipofika, Kasuku alitamani kumpelekea mtu mwingine, lakini hakukuwa na mtu mwingine. Utafiti wote ulikuwa yeye na kalamu yake. Alipiga simu, sauti ikamjibu njoo, tena njoo saluni, nyumbani shemeji hakosekani.

Ilikuwa saluni ya kioo kimoja, nywele za bandia zimening'inia ukutani kwa rangi zake. Msusi alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kilichokuwa kizuri, yeye akaketi kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Kasuku alimpa pole, akasoma maelezo ya idhini, akaanza kuuliza: nani alikupa habari za mgonjwa, alisemaje, wewe ulielewa nini. Msusi alijibu kila kitu bila haraka.

"Siku alipofariki ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa hapa. Nilikuwa namsuka mteja, bibi harusi. Nusu ya kichwa imekwisha, nusu iko timtim. Shemeji akapiga simu, akaniambia. Nikaweka simu chini." Alitazama vidole vyake. "Nikaendelea kusuka. Unaweza kuamini? Nikammalizia nusu ya pili. Yule binti analia, machozi yanamtiririka, ananiambia dada acha, dada acha, na mimi namwambia tulia, usitikisike, nitakupinda mstari. Mikono ilikataa kuacha. Nilijua ikiacha tu, itakuwa kweli."

Kasuku aliandika. Herufi zilikuwa zinamtoroka.

"Laiti ningemshika tu," alisema msusi. "Sikuwa na la kumwambia la ajabu. Ningemshika tu kichwa. Nywele zake nilikuwa nazinyoa mimi." Kisha akainua uso. "Sista. Siku ile pale bombani. Ulikuwa unajua?"

Kulikuwa na jibu lililoandaliwa kwa hilo pia: mtafiti haulizwi maswali mpaka mahojiano yaishe. Kasuku alilisikia likipanda, akalizuia.

"Nilijua," alisema.

Nje pikipiki ilipita. Msusi alitikisa kichwa polepole, kama anayethibitishiwa jambo alilokwisha kulihesabu mwenyewe.

"Shemeji nimemsamehe," alisema. "Alikuja akapiga magoti hapo ulipo. Tangu hapo kila wiki yuko kwangu na brashi, ameshaipaka rangi nyumba nzima mara mbili, na simwambii aache. Yeye aliyaogopa machozi yangu. Alikuwa anampoteza ndugu yake, akanitazama, moyo ukamshinda. Hilo nalielewa. Wewe je? Wewe hukuwa unampoteza mtu. Wewe uliogopa nini?"

Sababu zote zilimjia Kasuku kwa pamoja, zikajazana kooni: kamati, utafiti, utaratibu utakaobadilika, wanawake wote wanaokuja ambao hawataachwa tena kwenye benchi. Zote zilikuwa za kweli. Angeweza kuzieleza mpaka jioni, mtu aliyezaliwa kuongea. Alimtazama yule mwanamke na hakuona hata moja inayoweza kutamkwa mbele yake.

"Niliogopa kuharibu kazi," alisema.

"Haya." Msusi alijipangusa magoti kana kwamba kulikuwa na nywele. "Umebakiza maswali mangapi?"

"Moja."

"Uliza."

Kasuku alitamani ardhi impasukie. Swali lile alilitunga mwenyewe, tena alilipenda, aliliweka mwisho ili wafiwa waondoke na tumaini. Alilisoma kwa sauti iliyokauka. "Ungependa wodi ifanye nini tofauti, kwa wagonjwa watakaokuja?"

Msusi alifikiri. Alifikiri kweli, kwa heshima, kama alivyofanya kwa maswali mengine yote.

"Sijui, Sista," alisema. "Mimi mgonjwa wangu hayupo tena."

Akasimama, akafungua mlango, akamwita mteja aliyekuwa akisubiri nje.

Siku hiyo Kasuku alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njiani aliacha kazi mara nyingi. Aliandika barua kichwani, akaisahihisha, akaipeleka kwa Profesa. Lakini kila alipofika mwisho wa barua alikuta kitu kimoja kimekaa pale kinamngoja. Akiacha sasa, pengo halitaonyeshwa, utaratibu hautabadilika, na yule mwanamke atakuwa amenyimwa kumshika mumewe kichwa bure kabisa. Ilimbidi aumalize utafiti ule kwa ajili ya msusi, ambaye hakuuomba, na ili aumalize ilimbidi awanyamazie wengine kama alivyomnyamazia yeye. Aligeuza jambo hilo huku na huku, halikuwa na mlango.

Asubuhi kulikuwa na kikao. Mgonjwa alikuwa msichana wa chuo, msemaji ni mjomba wake. Mama mzazi aliambiwa asubiri kwenye benchi, na Kasuku alipompita, mama yule alisogeza mkoba wake ili Sista apate kupita vizuri, akamwamkia. Kasuku aliitikia. Akaingia, akaketi karibu na kabati, na mjomba akafunga mlango.